Saladi ya kabichi isiyogeuka maji: mwongozo kamili kwa wapishi wa Goma

Swali ninaloulizwa kuliko yote, na wasichana wanaoanza kupikia sherehe na hata na mama zetu waliopika miaka mingi, ni hili: "Saladi yangu ya shu (kabichi) ilikuwa nzuri saa sita, mbona saa nane ilikuwa inaogelea?" Wengine huambiwa waongeze mayoneze. Wengine huambiwa wapunguze ndimu. Hakuna kati ya hayo linalosaidia, kwa sababu kosa limetokea mapema zaidi, kabla hata ya kufungua chupa ya mafuta.

Kabichi mbichi ni maji kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Ukishaikata na kuitia chumvi, maji hayo yatatoka, upende usipende. Kilicho mikononi mwako ni mahali yatakapotokea: kwenye beseni lako au kwenye sahani ya mgeni. Hatua zote zifuatazo zinatokana na jambo hilo, isipokuwa moja ya usafi, ambayo katika mji wetu haina mjadala.

## Andaa hivi kwanza

Vipimo hivi vinatosha watu 8 hadi 10, saladi ikiwa ni kitoweo cha pembeni.

- Kabichi 1 ya kilo moja na nusu hivi. Ukiondoa majani ya nje na moyo utabaki na kilo 1.2.
- Chumvi laini, kijiko 1 cha mezani kilichosawazishwa (gramu 18 hivi).
- Karoti 2 za wastani.
- Kitunguu chekundu 1 kidogo.
- Ndimu 2 zenye maji, au siki vijiko 3 vya mezani.
- Mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, vijiko 4 vya mezani.
- Sukari, kijiko 1 cha chai.
- Pilipili manga kidogo. Pilipili mbichi ukipenda.

Vifaa: kisu kirefu chenye makali ya kweli, ubao wa kukatia usiotumika kwa nyama, mabeseni mawili, chujio, na kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa. Andaa pia maji yaliyochemka na kupoa, kama lita tano, na javeli (dawa ya klorini ya kutakasia) isiyo na manukato.

Mawese usiyatumie hapa. Ni mafuta mazuri kwa sombe (majani ya muhogo) na maharagwe, lakini kwa baridi ya Goma yanaganda, na saladi inabaki na utando kwenye ulimi.

## 1. Chagua kabichi nzito

Mkononi, kabichi nzuri huonekana nzito kuliko ukubwa wake. Bonyeza juu kwa kidole gumba: isibonyee. Sugua majani mawili: yalie kwik-kwik. Kisha igeuze utazame kisiki. Kikiwa cheupe na kibichi, imekatwa karibuni. Kikiwa cha kahawia na kimekauka, imekaa.

Kabichi nyingi tunazokula zinashuka kutoka Kibumba, nyingine kutoka Masisi na Rutshuru. Asubuhi, pale chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, zinapoteremka na magunia, ndiyo saa ya kununua. Barabara ikiwa mbaya au ikifungwa, magunia hukaa siku kadhaa na majani hulegea. Hiyo bado inafaa kupikwa, lakini kwa saladi mbichi itakuangusha: haitakuwa na mlio mdomoni, na harufu yake ni kali.

Muulize muuzaji, "Mama, iko ya leo?" Akijibu, "Ya leo asubuhi, gusa," basi gusa kweli. Usione haya kubonyeza tano ili ununue moja.

## 2. Safisha kabla ya kukata nyuzi

Hapa sitapita haraka. Saladi hii inaliwa mbichi, na kipindupindu hujirudia mjini kwetu kila mara. Wengi wetu maji yetu yanatoka ziwani kwa bidoni (madumu). Yule mtu wa ufukweni mwenye bomba la sindano anayetia klorini kwenye bidoni yako anafanya kazi muhimu, lakini kipimo chake ni cha maji ya kunywa. Hakikuwekwa kwa ajili ya kusafisha majani yenye udongo.

Fanya hivi:

Ondoa majani matatu au manne ya nje. Huko ndiko kuna udongo mweusi wa volkano, mabaki ya dawa ya shambani, na alama za mikono yote iliyoigusa sokoni. Usiyahurumie.

Pasua kabichi vipande vinne kupitia kisiki. Acha moyo kwanza, unashika majani yasitawanyike. Tazama katikati. Ukiona matundu ya viwavi au vidukari, loweka vipande dakika 10 katika maji ya chumvi, wadudu wataelea juu. Mwaga maji hayo.

Osha kwa maji yanayotiririka, ukitenganisha majani kwa vidole. Mchanga wa Goma ni mgumu na mweusi, na punje moja tu kwenye jino inamfanya mgeni asukume sahani.

Loweka katika maji ya javeli. Kwa javeli yenye nguvu ya asilimia 5, tia kijiko 1 cha chai katika lita 5 za maji safi. Soma karatasi ya chupa, kwa maana nguvu hutofautiana. Zamisha vipande dakika 10, kisha visuuze kwa maji yaliyochemka na kupoa mpaka harufu iishe.

Onyo: kamwe usichanganye javeli na siki au ndimu. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya klorini inayochoma mapafu. Ndiyo maana tunasuuza vizuri kabla ya kufika kwenye ndimu.

Kuna wanaoniambia ndimu peke yake inaua vidudu. Uchachu unavidhoofisha, ni kweli, lakini huwezi kujua umefika kila kona ya jani. Usiutegemee.

Kama huna javeli, au saladi italiwa na mtoto mdogo, mama mjamzito au mgonjwa, tumia maji moto. Kata kabichi kwanza kama hatua ya 3 inavyoeleza, itumbukize dakika moja katika maji yanayotokota, itoe uipoze kwa maji yaliyochemshwa. Hapa kwetu, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, lakini joto hilo linatosha kabisa kumaliza vidudu vya kipindupindu. Saladi itakuwa laini zaidi, na chumvi ya hatua ya 4 utaipunguza nusu.

Utajua umefaulu hivi: vipande ni baridi, vinanukia kabichi tu, na maji ya kusuuzia ya mwisho hayana hata punje moja chini ya beseni.

Viweke kwenye chujio vikauke maji ya juu. Usiruke hili, maana maji ya nje yakibaki yanazimua kila kitu.

## 3. Kata kwa kisu, usikwangue

Rapu, ile bati yenye matundu, ni ya karoti. Kabichi ukiikwangua kwa rapu unaiponda, utomvu wake wote unatoka mara moja, na unabaki na uji mweupe unaonuka. Harufu ile ina sababu yake: ndani ya kabichi kuna vitu viwili vinavyokaa mbalimbali, na kisu kikivunja kuta zake vinakutana na kuzaa ule ukali unaopanda puani, ndugu wa ukali wa haradali. Kadiri unavyoponda ndivyo ukali unavyozidi. Kisu chenye makali kinakata, kisu butu kinaponda.

Toa moyo kwa mkato wa mshazari. Weka kipande ubavu wake bapa ukigusa ubao, kisicheze. Kunja vidole vya mkono unaoshika, ncha zirudi ndani, na viungo vya katikati ndivyo viguse ubavu wa kisu. Kisu kiteremke mbele na chini kwa pamoja, kama msumeno wa polepole. Usikipigilie kutoka juu. Baada ya kila mkato, rudisha vidole nyuma unene wa sarafu.

Kata ukivuka mishipa ya majani, usifuate urefu wake. Mishipa ikibaki mirefu, mlaji anatafuna na nyuzi zinaning'inia mdomoni. Ikikatwa kwa kuvuka, unene ukiwa milimita 2 hivi, kila uzi ni mwepesi lakini bado una mlio.

Nyembamba kuliko hapo italegea mara moja. Nene kuliko hapo chumvi haitaingia, na utaishia na saladi ya ng'ombe. Ule mgongo mnene wa kila jani ukate mwembamba zaidi ya sehemu nyingine, au uuweke kando kwa supu.

Umefaulu iwapo ukichota mkono mmoja na kuuachia kutoka juu, nyuzi zinaanguka zikitawanyika. Zikianguka kama bonge, kisu chako kinahitaji kunolewa.

## 4. Chumvi, subira, kukamua

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo sababu ya andiko hili.

Nakumbuka harusi ya kwanza niliyopewa nipike, huko Himbi, mtaa wa hapa Goma. Saladi ya beseni mbili kubwa niliitia kila kitu saa nne asubuhi ili nishike kuku na ndizi. Wageni walikaa mezani saa nane. Nilipofunua, nyuzi zilikuwa zimezama, mafuta yakielea juu kwa macho ya rangi ya dhahabu, na mtu akichota, maji yalikimbilia kwenye wali wake. Mama wa bwana harusi hakusema neno. Aliinamisha sahani tu, akamwaga maji pembeni, akaendelea kula. Nilijifunza kukamua wiki ileile.

Sababu ni hii. Chumvi iliyo nje ya jani inayavuta maji yaliyo ndani. Hili litatokea hata kwa chumvi kidogo ya kukolezea, ila polepole, kwa saa mbili tatu, yaani muda uleule ambao sahani inasubiri mezani. Sisi tunalitanguliza.

Nyunyiza kijiko chako cha chumvi juu ya kabichi yote ya kilo 1.2. Kwa wingi mwingine hesabu gramu 15 za chumvi kwa kila kilo iliyokatwa. Nawa mikono kwa sabuni, kisha uifikiche kwa dakika mbili: chota, bana kidogo, achia. Usiisokote kama nguo. Utahisi inalegea, na sauti itabadilika kutoka mkwaruzo wa majani makavu hadi mlio wa maji.

Funika. Acha dakika 30. Usipunguze kwa sababu umechelewa, afadhali uchelewe kuanza kukaanga sambaza (samaki wadogo wa ziwani).

Kisha mimina kwenye kitambaa, kusanya pembe, na ukamue kwa nguvu ya wastani. Kwa kabichi moja mimi hupata karibu kikombe kizima cha maji. Tazama kikombe hicho, ndicho kingekuwa kwenye sahani ya mgeni.

Usikamue mpaka kitambaa kikauke. Nyuzi zinapaswa kubaki na unyevu ndani, zikipindika bila kukatika. Ukizidisha, saladi inakuwa kama kamba za katani.

Onja sasa. Ikiwa na chumvi ya kupendeza, nzuri. Ikiwa na chumvi kupita kiasi, isuuze mara moja kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, ukamue tena. Kwa vyovyote, chumvi nyingine usiongeze mpaka mwisho kabisa.

## 5. Karoti na kitunguu

Karoti zioshe na kuzitakasa pamoja na kabichi, zimenye, zikwangue kwa matundu makubwa ya rapu. Kitunguu kimenye na ukate pete nyembamba, uziloweke katika maji baridi yaliyochemshwa kwa dakika 10 ili makali yatoke, kisha zikaushe.

Nyanya? Watu wengi hapa wanazipenda ndani ya saladi ya shu. Shida ni kwamba nyanya inarudisha maji uliyohangaika kuyatoa. Ukizitaka, toa mbegu, kata nyama yake tu, na uzipange juu wakati wa kupeleka mezani.

## 6. Ndimu kwanza, mafuta baadaye

Changanya kabichi, karoti na kitunguu. Mimina maji ya ndimu yaliyochujwa mbegu pamoja na sukari. Geuza kwa dakika moja, acha dakika tano. Ndipo utie mafuta na pilipili manga.

Kwa nini mpangilio huu? Mafuta yakitangulia yanafunika kila uzi kama koti la mvua, na ndimu inateleza chini ya beseni bila kuingia. Walio na haraka humwaga vyote pamoja, halafu wanashangaa kwamba juu hakuna ladha na chini kunachachuka.

Sukari ile haikusudiwi kufanya saladi iwe tamu. Inaziba pengo kati ya chumvi na uchachu. Ukiihisi kwenye ulimi, umezidisha.

Acha dakika 15 kabla ya kula. Saladi iliyofaulu inang'aa bila kuchuruzika. Chota kijiko, inamisha: kitone kimoja au viwili vidondoke, basi. Ukitafuna usikie mlio mdogo.

Neno kuhusu kabichi nyekundu, maana inaonekana sokoni siku hizi na inatisha watu. Rangi yake inabadilika kulingana na uchachu. Kwenye ndimu inakuwa nyekundu ya kung'aa, na kwenye maji yenye asili ya magadi, kama ya Ziwa Kivu letu, inaelekea buluu. Haijaoza. Itie ndimu, rangi itarudi.

## 7. Kwa wanaotaka mayoneze

Mayoneze inakaa vizuri juu ya kabichi iliyokamuliwa tu. Kwenye kabichi ambayo haijakamuliwa inavunjika na kuwa maziwa mepesi. Tumia vijiko 4 vya mezani kwa kipimo chetu, usitie mafuta kabisa, na punguza ndimu iwe moja.

Itie dakika za mwisho, mezani kunapopangwa. Mayoneze ya nyumbani ina yai bichi, na umeme wetu mnaujua. Kwa sherehe ya nje mimi natumia ya dukani, kopo linafunguliwa siku ileile. Saladi iliyokwisha kuchanganywa nayo isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Ikizidi hapo, mwaga. Inauma, lakini kuwaharisha wageni kunauma zaidi.

## Kwa sherehe ya watu 50

Kabichi tano za ukubwa uleule, karoti 10, vitunguu 5, chumvi vijiko 5 vya mezani. Usizitie chumvi zote kwenye beseni moja, kwa sababu za chini zitakandamizwa na za juu hazitaguswa. Gawanya mara mbili au tatu.

Unaweza kukata, kutia chumvi na kukamua asubuhi. Funga kabichi iliyokamuliwa kwenye chombo chenye kifuniko, iweke kwenye friji au kwenye sanduku lenye barafu. Karoti na kitunguu weka kando. Ndimu na mafuta vitiwe wageni wanapoanza kunawa mikono, na awepo mtu mmoja tu mwenye kazi hiyo. Wakiwa wawili, ndimu itatiwa mara mbili.

Kwa brosheti (mishikaki) za mbuzi na ndizi za kukaanga ongeza pilipili mbichi. Kwa sambaza ongeza ndimu nusu, samaki wa mafuta wanaitaka. Kwa bugali (ugali) na nyama ya mchuzi punguza mafuta yabaki vijiko viwili, mchuzi utafanya kazi iliyobaki.

## Ikibaki

Iliyotiwa mayoneze hailali. Iliyotiwa ndimu na mafuta tu inalala usiku mmoja kwenye friji, ikiwa imefunikwa. Asubuhi haitakuwa na mlio tena, hivyo usiipeleke mezani kama saladi. Ikamue, pasha kikaangio kwenye makala (makaa) mpaka kitoe moshi mwembamba, itupie humo na kitunguu kipya, uigeuze dakika tatu mpaka pembe zianze kuwa kahawia, kisha vunja mayai mawili juu.